Kabla ya kupachika winchi, tazama tairi

Ukisimama kando ya Barabara ya Ngong au ya Lang'ata Jumamosi asubuhi, hutakosa kuliona. Gari refu, limenyanyuliwa hata mtoto wa darasa la pili hawezi kulipanda bila kushikwa mkono. Mbele lina bampa la chuma la kumtisha nyati, na ndani ya bampa hilo mna winchi. Juu ya paa pana taa sita, ubavuni kuna bomba jeusi la kuvutia hewa, na nyuma mitungi miwili ya mafuta. Lakini litazame vizuri, msomaji. Rimu zinang'aa kama sufuria mpya, na tairi ni zile zile za lami zilizokuja na gari kutoka Japani, tena zimeanza kulika.

Mwenye gari hilo si mjinga. Ni baba wa watu aliyefanya kazi, akajinyima, na sasa anataka kuwaonyesha watoto wake Ziwa Turkana, au angalau afike kwao mashambani mwezi wa Aprili bila kusukumwa na vijana wa kijiji kwa malipo. Shida ni kwamba ameanzia mwisho. Alinunua kwanza vinavyoonekana, na vya maana vikakosa pesa. Na pesa zenyewe, kama mama watoto alivyokwisha kumkumbusha, zina wenyewe: karo, kodi ya nyumba na bima.

Tuchukulie basi kwamba nyumbani kwenu mna gari la fowili, yaani lile ambalo injini huweza kuyasukuma magurudumu yote manne. Liwe ni Suzuki Jimny ndogo, Prado, Pajero au Land Rover kuukuu mliyoachiwa na mjomba, swali la kwanza si mtalitia nini. Swali ni mnakwenda nalo wapi.

Nchi imebadilika. Katika miaka ya 1990 safari ya Isiolo hadi Moyale ilikuwa ya mawe na vumbi, magari yakienda kwa misafara yenye ulinzi kwa hofu ya majambazi. Leo ni lami, na gari dogo la kawaida hufika. Hata njia ya Laisamis hadi karibu na Loiyangalani ilitengenezwa upya ili kupitisha mitambo 365 ya umeme wa upepo. Mtu anayetumia akiba yake kujiandaa kwa barabara za hadithi za babake huenda akafika huko akakuta matatu imemtangulia.

Lakini ukitoka Loiyangalani kwenda North Horr, ukaingia katika Jangwa la Chalbi, au ukiacha njia kuu ya Maasai Mara baada ya mvua, hadithi ni nyingine. Loiyangalani kuna mawe meusi ya volkano yenye makali. Chalbi kuna mchanga, na mvua ikinyesha tambarare ile ya chumvi hugeuka tope linaloweza kulimeza gari hadi tumboni. Mara na Kajiado kuna udongo mweusi unaonata, ule unaojaza mifuo ya tairi mpaka gurudumu likawa laini kama andazi. Hakuna kifaa kimoja kinachotibu maradhi haya matatu. Kinachokaribia ni tairi, nayo ndiyo sehemu pekee ya gari inayogusa ardhi.

TAIRI NA UPEPO WAKE

Madukani utakuta aina tatu. Kuna za lami. Kuna za kila mahali, zilizoandikwa herufi A/T ubavuni. Na kuna za matope, M/T, zenye meno makubwa yaliyoachana. Hizi za tatu hupendeza macho ya vijana, lakini kwenye lami hunguruma, hula mafuta, na siku ya mvua breki zake si za kuamini sana. Kwa familia inayokaa Nairobi siku 340 za mwaka, mimi ningechagua za A/T bila kusita, zile zenye ubavu mgumu zilizotengenezewa magari ya mizigo. Anayeishi kwenye udongo mweusi na kuupita kila siku ana haki ya kununua M/T. Wengine wetu tungenunua minyororo ya kufunga kwenye tairi kama walivyofanya madereva wa Land Rover za abiria miaka na mikaka, tukaifungua tukifika kwenye ardhi ngumu.

Kabla ya kulipa, inama usome ubavuni. Baada ya herufi DOT kuna msururu unaoishia na tarakimu nne. 2319 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka wa 2019. Tairi iliyokaa dukani miaka sita inaweza kung'aa na huku mpira wake umekwisha kukauka.

Sasa tuje kwa upepo, na hapa wanafunzi wa fizikia mnisaidie. Gari la kilo 2,400 likigawanywa sawasawa kwa magurudumu manne, kila moja hubeba kilo 600. Tairi ikiwa na presha ya 35, kama mita ya kituo cha petroli inavyosoma, hesabu ya darasani inasema sehemu inayogusa ardhi ni kama sentimita 240 za mraba. Punguza presha hadi 18, na sehemu hiyo inakuwa karibu 470. Uzito ni ule ule, lakini umetandazwa mahali pawili badala ya pamoja, hivyo gari haliuchimbi mchanga, linaukanyaga. Tairi haipanuki sana kwa upana; hurefuka, ikawa kama mnyororo mfupi wa trekta.

Kwa hiyo kifaa cha kwanza cha kununua baada ya tairi ni kijimita cha kupimia presha, na cha pili ni pampu ya umeme inayochomekwa kwenye betri. Vyote viwili havifiki hata robo ya bei ya winchi nzuri. Kwenye mchanga shuka hadi 18 au 20. Kwenye mawe makali usishuke hivyo, maana ubavu wa tairi utavimba nje na kukatwa. 25 hivi inatosha, na uende polepole. Chini ya 15 tairi inaweza kuchomoka kwenye rimu ukikata kona. Na ukirudi kwenye lami, jaza kwanza, hata kama watoto wanalilia soda. Tairi yenye upepo mchache ikienda kasi hupata moto na kupasuka, na gari refu lililojaa watu si la kupasukiwa tairi.

Nimewaona watu wakichimba mchanga kwa beleshi saa nzima, jasho likiwatiririka, bila hata mmoja kugusa valvu.

KAMBA INAYOUA

Baada ya tairi, nunua njia ya kujinasua. Beleshi zuri lenye mpini mrefu, vibao viwili vya plastiki ngumu vya kulaza mbele ya tairi, kipande cha mbao nene cha kukalishia jeki isizame, na kamba ya kuvutia.

Kamba ndiyo inayohitaji maneno zaidi. Kuna kamba ya nailoni inayonyumbuka, iliyotengenezwa ili gari linalovuta liondoke kidogo kwa kasi, kamba ijinyooshe, kisha imrushe nje aliyekwama. Hufanya kazi vizuri ajabu. Lakini nguvu iliyohifadhiwa humo ni kubwa, na kamba ikifungwa mahali dhaifu, kile kilichofungiwa hung'oka na kuruka kama risasi. Mahali pabaya kupita pote ni kile kitufe cha chuma cha kuvutia trela. Watu wameuawa na vitufe hivyo, Australia na kwingineko, wengine wakiwa wameketi ndani ya gari. Kile kitanzi chembamba kilicho chini ya magari mengi kutoka Japani nacho kiliwekwa ili gari lifungwe lisitikisike melini, si kulikwamua kwenye tope.

Kwa hivyo, kabla ya taa na kabla ya bampa, mwambie fundi akufungie mbele na nyuma ndoano halisi za kuvutia, zilizokazwa kwenye chesisi kwa bolti ngumu, na zenye kuandikwa uzito zinaoweza kuhimili. Siku ya kuvuta, watoto wasimame mbali, zaidi ya urefu wa kamba yenyewe, na blanketi zito au koti litupwe katikati ya kamba ili liizuie isiruke mbali.

KUNYANYUA GARI

Hapa ndipo pesa nyingi hupotelea. Kijana wa gereji atakuambia springi mpya zitalipandisha gari inchi mbili na utapita popote. Ni kweli kwamba tumbo la gari litapanda. Lakini kwenye magari yenye ekseli nzima, kama Jimny na Land Cruiser nyingi za kazi, lile bakuli la difu katikati ya ekseli halipandi hata nywele moja, kwa kuwa linakaa kwenye magurudumu, si kwenye springi. Linalolipandisha ni tairi kubwa peke yake, nalo hupanda nusu tu ya kile kilichoongezwa. Tairi iliyozidi kimo kwa sentimita 5 huinua difu sentimita 2.5.

Na kila sentimita ina kodi yake. Uzito wa gari unapopanda juu, gari huwa jepesi kupinduka kwenye kona. Pembe za usukani hubadilika na gari huanza kutangatanga barabarani. Propela hukaa kwa mshazari isiouzoea. Mabomba ya breki huweza kuvutika. Tairi kubwa nazo huidanganya mita ya kasi: inasoma 80 na nyinyi mko karibu 90.

Sababu nzuri ya kubadilisha springi ni mzigo. Bampa la chuma na winchi yake huweza kufika kilo 100, zote zikining'inia puani. Ongeza hema la paani, friji, lita 60 za maji ambazo ni kilo 60, mafuta ya ziada, watu watano na masanduku yao, na gari limepita uzito uliowekwa na kiwanda kabla halijatoka Thika. Springi na shokabzoba zilizochaguliwa kwa mzigo huo halisi hulinda mgongo wa abiria na chesisi pia. Kwa hiyo zinunuliwe mwisho wa mzigo kujulikana, si mwanzo. Na vitu vizito vikae chini, karibu na katikati; paani wekeni magodoro.

Vingine nitavipitia upesi. Lile bomba la ubavuni husaidia kweli, kwani maji yakiingia kwenye injini hayabanwi kama hewa, na vyuma vya ndani hupinda papo hapo. Lakini ni kazi bure ikiwa viungo vyake vinavuja, na ikiwa vijipumulio vya difu na giaboksi havikurefushwa vikapanda juu pamoja nalo. Kwa familia nyingi kazi yake kubwa itakuwa kuvuta hewa isiyo na vumbi jingi. Mto uliofurika haupitiki kwa bomba wala kwa maombi; subirini upungue.

Kufuli ya difu ni kifaa cha maana kuliko winchi, kwa maoni yangu. Difu ya kawaida huyaruhusu magurudumu mawili kuzunguka kwa kasi tofauti gari likipiga kona. Kasoro yake ni kwamba gurudumu moja likining'inia hewani, nguvu hukimbilia kwa lile lililo rahisi kuzunguka, likazunguka kama pia huku mwenzake aliyeshika ardhi akikaa tu. Kufuli huyafunga yote mawili yaende pamoja. Hata hivyo Prado nyingi za miaka ya 2000 kuja mbele, na Jimny iliyotoka mwaka wa 2018, zina mtambo unaolishika kwa breki gurudumu linaloteleza. Someni kitabu cha gari. Huenda mkakuta tayari mnacho mnachotaka kununua.

Na winchi? Ukiinunua, iwe na uwezo wa mara moja na nusu ya uzito wa gari lililojaa. Kisha ujiulize utaifunga wapi. Katikati ya Chalbi hakuna mti.

Wengi wetu tumetiwa hamu na Rhino Charge, mashindano yaliyoanza mwaka wa 1989 ili kuchangia ua wa kuuzunguka msitu wa Aberdare, ua wa kilomita 400 hivi uliokamilika mwaka wa 2009. Ni jambo zuri, na magari yale ni ya ajabu. Lakini yameundwa kufikia vituo vyote porini kwa umbali mfupi iwezekanavyo katika siku moja, yakiwa na watu waliofungwa mikanda ndani ya vizimba vya chuma. Si magari ya kumpeleka nyanya hospitalini.

Lililobaki ni bima. Mweleze wakala wako kwa maandishi kila ulichobadilisha, maana siku ya ajali kampuni inaweza kuuliza kwa nini gari lililovunjika si lile iliyolikatia bima.

Kisha, kabla ya kufunga safari, nenda nyuma ya gari ulitazame gurudumu la akiba. Wengi hununua tairi nne mpya kubwa na kuiacha ya tano iwe ile ndogo ya zamani. Kwenye gari linalosukuma magurudumu yote wakati wote, tairi moja yenye kimo tofauti huilazimisha difu ya katikati kusaga meno yake njia nzima. Nunua tano. Na uhakikishe ile ya tano inaenea mahali pake, na kwamba spana ya nati zake imo ndani ya gari, haikubaki gerejini.