Wakikukataza «njia statiki», wamekukataza nini?

Bandugu, wengi mnaniuliza namna gani mutu wa agronomia nilijikuta kwenye mitandao ya kompyuta. Hiyo ni habari ya siku ingine. Leo nieleze kitu kimoja kinachoangusha watu kwenye mtihani wa vitendo wa CCIE, ule wa Cisco wa saa 8: makatazo.

Mwezi uliopita nilifanya jaribio la kujipima (maswali ya mtihani wenyewe mutu haruhusiwi kuyatangaza). Iliandikwa: «Ofisi zote zifike intaneti. Usitumie njia statiki.» Njia statiki ni ile unayoiandika mwenyewe kwa mkono ndani ya ruta. Ruta ya mpakani ilishapokea njia ya default toka kwa mtoa huduma, kwa BGP. Ilibaki amri moja tu, «default-information originate», ili OSPF iisambaze ndani. Nikaogopa: default si ni statiki? Nikaacha. Ofisi zikabaki bila intaneti, pointi zote zikaenda. Nilijikataza kitu ambacho hakuna mutu alinikataza.

Kwenye fakilte shida hii tuliijua. Protokoli inasema parseli ya kulinganisha iwe «bila mbolea». Na samadi je? Shambani tulitazama lengo la jaribio, jibu linatoka humo. Kwenye mtihani huu lengo hauambiwi, unabaki na maneno.

Kwa hiyo sasa najiuliza: katazo linashika chombo, matokeo, ao mahali? «Usitumie access-list» ni chombo. Prefix-list inabaki halali. «Usichuje njia yoyote» ni matokeo, na hapo hata prefix-list imekufa. «Usibadilishe konfigurasyo ya R2» ni mahali, lakini unaweza kuingia kutazama kwa «show», hata kuanzisha upya BGP kwa «clear», juu konfigurasyo inabaki vile vile. Wengi banaogopa hata kufungua R2!

Ikibaki giza, inua mkono. Msimamizi hatakuambia kama jibu lako ni zuri, ila anaweza kufafanua swali. Usimuulize «nifanye je?» Mupe mambo mawili: «Katazo hili ni la njia ninayoandika mimi, ao hata ile ruta inayopokea kwa BGP?» Akikurudisha tu kwenye swali, shika maneno yalivyo bila kuongeza yako, andika namba ya kazi pembeni, endelea. Saa inatembea.