Nyasi za Mbugani Katika Bustani ya Nyumbani

Themeda triandra, nyasi ya mafungu inayotawala sehemu kubwa ya mbuga za Serengeti na ambayo masuke yake hugeuka rangi ya kutu yanapokomaa, inafaa bustani za nchi za joto kuliko mimea mingi ya urembo inayoagizwa kutoka ng'ambo, kwa sababu maumbile yake yanahimili jua kali na kiangazi kirefu.

Uwezo huo unatokana na usanisinuru, yaani jinsi mmea unavyotumia mwanga wa jua kujitengenezea chakula kwa maji na hewa ya kabonidayoksaidi. Hewa hiyo huingia kupitia stomata, vitundu vidogo mno vya jani, ambavyo vikiwa wazi hupitisha pia maji yanayopotea kama mvuke. Nyasi hii ni ya kundi la C4, ambalo utaratibu wake ulifafanuliwa na wanasayansi Hatch na Slack nchini Australia katika miaka ya 1960: kabonidayoksaidi hunaswa kwanza katika kampaundi yenye atomi 4 za kaboni, kisha hulimbikizwa katika seli zinazozunguka mishipa ya jani, hivyo chakula hutengenezwa hata stomata zikiwa zimefunguka kidogo tu.

Mbegu yake ni ya ajabu zaidi. Imeungana na unywele mrefu, mgumu na mweusi, ambao hujisokotoa unapopata unyevu na kujisokota tena unapokauka, na kwa mwendo huo huisukuma mbegu ndani ya nyufa za udongo. Mbegu iliyovunwa karibuni hulala kwa miezi kadhaa, kwa hiyo anayeipanda upesi huambulia miche michache. Moshi husaidia kuiamsha, kwani mmea huu umeishi na mioto ya mbugani tangu zamani.

Pasipo moto wala wanyama wa kuila, majani makavu hurundikana, huyanyima mwanga machipukizi ya chini, na hatimaye fungu zima hudhoofika. Yafaa basi likatwe kwa mundu mara moja kwa mwaka, muda mfupi kabla ya mvua. Mbolea nyingi haihitajiki.

Hata hivyo, chavua ya nyasi husafirishwa na upepo na huweza kuchochea mafua ya mzio na pumu, hivyo familia yenye mgonjwa wa pumu na ipande nyasi hizi mbali na madirisha ya vyumba vya kulala.