Mshika Mbili Moja Humponyoka: Fundisho la Roboti za Wanafunzi

Maoni yetu ya leo yahusu wanafunzi waundao roboti za mashindano. Huenda mtu akadhani huo ni mchezo wa watoto tu. Lakini swali linalowakabili vijana hao ndilo limkabililo kila kamanda: kwa muda mfupi na vifaa vichache, litendwe lipi na liachwe lipi?

Tuchukue mfano wa mashindano yaliyoasisiwa na Dean Kamen huko Marekani, ambayo yalifanyika kwa mara ya kwanza mwaka 1992. Katika msimu wa 2018, masharti ya mchezo yalitangazwa tarehe 6 Januari, na tarehe 20 Februari kila timu ikatakiwa kusimamisha ujenzi. Uzito wa roboti, bila betri na bampa, haukuruhusiwa kuzidi kilo 54 na nusu hivi. Uwanjani roboti 3 zilipambana na 3 kwa dakika 2 na nusu. Katika sekunde 15 za mwanzo roboti ilijiongoza yenyewe. Kisha vijana wakaiongoza kwa mbali. Kazi kubwa ilikuwa kupakia masanduku juu ya mizani, na upande ulioiinamisha ulijipatia pointi kwa kila sekunde.

Hapo ndipo penye mtego. Timu hutamani roboti yake inyanyue juu, isukume chini, na mwishoni ipande mlingoti. Lakini kila mkono unaoongezwa huleta uzito, mota na nyaya zake. Mkono mrefu ukiinua mzigo, uzito huhamia juu, na roboti ikikata kona kwa kasi hupinduka. Roboti iliyolala chali haina faida hata kwa wenzake. Kinyume chake, roboti fupi iliyosukuma masanduku katika tundu la chini bila kukosea iliuletea upande wake pointi za hakika.

Kwa hiyo wajenzi wenye busara hufuata utaratibu. Kwanza husoma masharti neno kwa neno, wakapima ni kazi ipi iletayo pointi nyingi kwa muda mchache. Pili, huanza na magurudumu na fremu, kwani mashine isiyotembea haiwezi kutenda lolote. Betri na vitu vizito huwekwa chini. Tatu, huchagua chombo kimoja cha kazi, wakakijaribu kwa mbao kabla ya kukata chuma. Nne, hufunga nyaya barabara, maana waya mmoja uliochomoka huizima mashine nzima, na hupanga kila kipuri mahali pa kufikika upesi.

La tano ndilo hupuuzwa zaidi: mazoezi. Timu inayokaza skrubu ya mwisho usiku wa kuamkia shindano humpeleka dereva wake uwanjani akiwa mgeni wa chombo chake. Timu iliyomaliza mapema, hata kama mashine yake ni ya kawaida, humpa dereva siku nyingi za kurudia-rudia mpaka mkono wake uzoee.

Askari hahitaji kufundishwa thamani ya gwaride wala ya kusafisha silaha kila siku. Chombo kinachosifiwa ghalani hakimfai mtu. Kinachofaa ni kile kiitikiacho kila kinapoitwa.