Msaada wa Serikali kwa Sanaa na Wajibu wa Mwalimu

Mwaka 1962 Serikali ya Tanganyika iliunda Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana. Mwaka 1981 Chuo cha Sanaa kilianzishwa Bagamoyo, ambacho tangu 2007 ni Taasisi ya Sanaa na Utamaduni. Na sheria ya mwaka 1984 ikaunda Baraza la Sanaa la Taifa.

Hata hivyo, vyombo hivyo huwapokea vijana waliokwisha kukua. Mkono wa mtoto huzoea kufinyanga, na sikio lake kutambua mapigo ya ngoma, katika shule ya msingi. Kipindi cha sanaa kikigeuzwa kuwa cha marudio ya hesabu, fedha ya Serikali hukosa mbegu ya kuotesha. Samaki mkunje angali mbichi.

Basi tufanye hivi. Kwanza, tumwalike fundi wa kijijini, mfinyanzi au mpiga ngoma, aonyeshe kazi yake. Pili, wanafunzi waige. Tatu, wabuni ya kwao. Nne, tuwaulize kazi hiyo yaifaa nini jamii. Udongo na vibuyu hupatikana kwa gharama ndogo. Kilichobaki ni sisi walimu kukilinda kipindi hicho.