Namba za Bolti za Land Rover na Jinsi ya Kupata Nyingine za Kufaa

Baadhi yenu wakulima wa skimu za makazi mna Land Rover kuukuu, yenu wenyewe au ya chama cha ushirika, nayo ndiyo ichukuayo maziwa asubuhi na mbolea mchana. Bolti moja ikikatika, maziwa hubaki nyumbani yakachacha. Na mtu akienda dukani akachagua bolti yoyote ipitayo tundu, huenda akarudi na hatari kubwa kuliko ile ya kwanza. Kwa hiyo yafaa kujua kusoma namba zilizo katika kitabu cha vipuri.

Namba hizi zilienea wakati Land Rover ilipokuwa chini ya kampuni ya British Leyland, iliyoundwa mwaka 1968. Tuseme fundi amekuandikia SH605081. Herufi mbili za kwanza zaeleza aina. SH ni skrubu ya kichwa cha pembe sita, yenye hesi (yaani yale meno yanayozunguka) tangu ncha mpaka chini ya kichwa. BH ni bolti ambayo sehemu ya shina lake ni laini. FS ni skrubu ambayo kichwa chake kina ukingo mpana kama washa, na NH ni nati.

Tarakimu ifuatayo yaeleza hesi: 6 ni UNF, yaani hesi za inchi zilizo nyembamba, 5 ni UNC, hesi za inchi zilizo nene, 1 ni hesi za milimita. Kisha mbili za unene. Kwa bolti za inchi huhesabiwa kwa sehemu za kumi na sita, basi 05 ni 5/16 ya inchi. Mbili baada yake ni urefu kwa sehemu za nane, basi 08 ni inchi moja kamili. Tarakimu ya mwisho haihusu kipimo. Mwambie mwenye duka: "Nataka skrubu ya UNF, 5/16, urefu inchi 1." Vivyo hivyo BH605101 ni bolti ya 5/16 yenye urefu wa inchi 1 na robo.

Za milimita zasomeka kwa urahisi zaidi, ila kuna mtego mmoja. FS108251 ni skrubu ya milimita 8, urefu milimita 25, kama ilivyoandikwa. Lakini kwa BH urefu huzidishwa kwa tano: BH108161 si ya milimita 16, ni ya 80. Urefu hupimwa toka chini ya kichwa.

Namba za zamani zilizo tarakimu tupu hazina siri yoyote ndani yake. Hapo itakubidi upime. Land Rover za kwanza, tangu mwaka 1948, zilikuwa na bolti nyingi za BSF, ambazo hesi zake ni za pembe nyingine kabisa. Chukua rula, iweke juu ya bolti iliyosafishwa, uhesabu meno katika inchi moja. Kwa bolti ya unene wa 5/16, meno 24 ni UNF, 22 ni BSF, 18 ni UNC. Ukiona kama 20 hivi, hiyo si ya inchi. Ni ya milimita 8.

Angalia sana hapo. Bolti ya 5/16 na ya milimita 8 hazipitani unene hata sehemu moja ya kumi ya milimita, na jicho haliwezi kuzitenga. Nati ya moja huingia katika nyingine mizunguko michache, kisha hukwama. Mtu mwenye spana ndefu na haraka nyingi ataikaza kwa nguvu, na meno yatakatika. Hasara ni mbaya zaidi katika kasha la aluminiamu, kwa kuwa chuma hicho ni laini. Hata spana zadanganya: bolti ya 5/16 UNF hutaka spana ya nusu inchi, nayo ya milimita 13 huingia ikilegea na kula pembe za kichwa.

Kipimo kikiwa sawa bado nguvu haijajulikana. Tazama kichwani. Bolti ya milimita 8 iliyoandikwa 8.8 hukatika kwa mvuto wa karibu tani 3; ile ya 4.6 hukatika kwa nusu yake, ingawa zote mbili zang'aa sawasawa dukani. Katika bolti za inchi za mtindo wa Marekani, mistari mitatu kichwani ni nguvu iliyo karibu na 8.8, na sita ni zaidi ya hapo. Isiyo na mistari ni ya banda la kuku, si ya gari. Za Uingereza zenye herufi S nazo zi karibu na 8.8.

Za usukani, za breki na za shafti ya propela usizitafutie mfano kwa kukisia. Nunua zile zile kwa namba yake.

Wenye gari za Japani nao wasijione wamepona kwa kuwa zote ni milimita. Bolti ya milimita 10 ya gari hizo mara nyingi ina hesi za milimita 1.25, na ya kawaida dukani ina 1.5. Basi nenda na bolti yako ya zamani pamoja na nati yake. Kabla ya kulipa, zungusha nati ile katika bolti mpya kwa vidole tu, mpaka mwisho wa hesi. Ikikataa, irudishe rafuni.