Vipande 1,000 Kwenye Mkeka Mmoja

*Mgodi ulifunga, mume akarudi nyumbani, na maneno yakatuishia. Kisha likaingia boksi la mitumba.*

Msomaji wangu, umewahi kugombana na mtu kwa sababu ya kipande cha karatasi ngumu kisichozidi ukucha wa dole gumba? Mimi nimewahi. Tena si na mtu baki, ni na baba watoto wangu, saa tano za usiku, taa ya chaji ikikaribia kuzima. Kilichotugombanisha kilikuwa anga. Ndiyo, anga la buluu, kwenye picha.

Naomba nianze mwanzo.

Sisi ni watu wa Kahama, upande wa Mwendakulima, pua na mdomo na mgodi wa Buzwagi. Mgodi ule ulianza uzalishaji mwaka 2009. Mume wangu aliingia akiwa bado kijana, akakabidhiwa lile dude la kubebea mawe, gari ambalo tairi lake peke yake linampita mtu kwa urefu. Maisha yetu yakawa ya shifti. Mara mchana, mara usiku, mara mapumziko. Tulizoea kupishana mlangoni kama wapangaji. Hakuna aliyelalamika, mshahara ulikuwa unaingia.

Mwaka 2021 uzalishaji ukafika mwisho. Haikuwa siri, mgodi una umri wake kama binadamu, na sisi tulijua mapema. Lakini kujua kwamba msiba unakuja hakukuzuii kulia. Mume akarudi na begi lake na buti zake. Wiki ya kwanza alirekebisha bati. Ya pili akajenga banda la kuku. Ya tatu akakaa kwenye kiti uani, akanyamaza.

Shosti, ukimya wa mwanamume aliyezoea kelele za mitambo ni mzito, we acha tu. Unamuuliza, "Baba, umekula?" Anaitikia "Mm." Ndipo nikagundua jambo la aibu: tumezaa pacha, tumejenga nyumba, lakini hatukuwahi kukaa pamoja jioni thelathini mfululizo. Hatukujua tuongee nini.

Boksi la shilingi elfu tatu

Siku moja nilikwenda sokoni kutafuta sweta za watoto kwenye mitumba. Chini ya midoli iliyokatika mikono nikaona boksi limefungwa kwa mpira. Juu yake kuna picha ya kasri jeupe juu ya kilima, msitu chini, anga juu. Ndani ni vipande vidogo vidogo, 1,000 kwa maandishi ya boksi. Muuzaji akaniambia, "Dada, chukua kwa elfu tatu, ila sikuhakikishii kama vimetimia."

Nilinunua kwa ajili ya watoto. Nikamwaga vipande vyote kwenye mkeka, pacha wetu wakacheza dakika kumi, wakakimbilia kuku. Mume wangu akatazama lile rundo, akatazama boksi. Akaokota vipande viwili, akavijaribu. Vikakataa. Akaokota vingine. Basi bwana, saa mbili baadaye ndiyo kwanza naisikia sauti yake: "Mama, lete ungo."

Ungo! Nilicheka. Lakini alikuwa na akili. Sisi tunatoka kwenye mchele, na kama kuna kitu mwanamke wa Kahama anakijua ni kuchambua. Nikachambua: vyenye ukingo ulionyooka huku, majani ya miti huku, ukuta mweupe huku, buluu kule. Usiku ule tulimaliza ukingo wote, pande nne. Tulilala tukijiona mabingwa.

Buluu inayotesa

Kumbe ukingo ni fungate tu. Kasri lilituchukua wiki mbili, maana lina madirisha na minara, jicho linapata pa kushika. Msitu ukatuchukua wiki tatu. Halafu likaja anga. Vipande karibu mia tatu, vyote buluu, vyote vinafanana kama mbegu za mchicha.

Hapo ndipo utajua tabia ya mwenzako. Mimi ni mtu wa kulazimisha. Kipande kikikaribia kuingia, nakibonyeza kwa kidole gumba hadi kikubali. Mume wangu ni mtu wa kupanga. Yeye aliacha kuangalia rangi, akatenga vipande kwa umbo: vyenye vichwa viwili, vyenye vichwa vitatu, vyenye mashimo tu. Alijaribu kimoja baada ya kingine, kwa utaratibu unaoudhi. Usiku ule wa ugomvi aligundua kwamba vipande vyangu sita nilivyovibonyeza wiki iliyopita vilikuwa si mahali pake, ndiyo maana safu nzima ilikwama. Akavingoa. Nikawaka.

"Wewe unaharibu nilichojenga!"

Akanijibu polepole: "Mama watoto, kimekaa, ila hakijaingia. Kule mgodini tani nzima ya mwamba inatoa gramu chache tu za dhahabu. Ukikasirikia mwamba, umekwisha."

Nikakaa kimya. Kisha nikauliza swali ambalo sikuwahi kuuliza kwa miaka yote ile: kazi yako ilikuwaje hasa? Akasimulia mpaka taa ikazima. Aliendelea kusimulia gizani.

Hatukuwa wa kwanza

Baadaye nilisoma kuhusu mchezo huu, nikapata faraja. Ulianzia kwa mchora ramani wa London, John Spilsbury. Miaka ya 1760 alibandika ramani kwenye ubao, akaukata kufuata mipaka ya nchi, ili watoto wajifunze jiografia. Na wakati wa mdororo mkubwa wa uchumi Marekani, watu wengi wakiwa hawana kazi, picha hizi zilinunuliwa kama njugu. Mwanzoni mwa mwaka 1933 mauzo yalikadiriwa kufikia milioni 10 kwa wiki. Nikamwonyesha mume wangu. Akatabasamu: "Kumbe tuko wengi."

Hata hapa kwetu kuna waliofanya kazi ya namna hii bila picha ya boksi ya kuwaongoza. Tarehe 17 Julai 1959, kule Olduvai, Mary Leakey aliona mfupa umechomoza ardhini. Fuvu lile la zinjanthropus, la miaka inayokadiriwa kuwa milioni 1.75, lilitoka katika vipande vingi mno, likaunganishwa kimoja kimoja. Ukilinganisha, anga letu lilikuwa mchezo wa chekechea.

Na lile kasri? Linaitwa Neuschwanstein, liko Ujerumani. Mfalme Ludwig wa Pili wa Bavaria alianza kulijenga mwaka 1869, akafariki mwaka 1886 halijakamilika. Sisi tuliapa kumshinda mfalme.

Kipande cha mwisho

Mwezi wa nne tangu tuanze, mume wangu akapata kazi Geita. Nilifurahi, halafu nikalia chooni. Tukakazana. Usiku wa kuamkia safari yake tukaweka vipande vya mwisho, nikahesabu kwa macho: limebaki tundu moja, katikati ya anga. Mkekani hakuna kitu.

Tukapekua. Chini ya plaiwudi, kwenye ungo, mifukoni, hata bandani kwa kuku. Mume akasema, "Mitumba ndivyo ilivyo." Lakini niliona mabega yake yalivyoshuka. Ukitaka kujua uchungu wa mchezo huu, ni huo: 999 hazikufariji.

Ndipo doto wetu, yule pacha aliyezaliwa wa pili, akatoka chumbani amekunja ngumi. Akaifungua. Kipande cha buluu kimelowa jasho.

"Nilificha. Nilidhani ikiisha, baba anaondoka."

Jamani. Mume wangu alimpakata, akakaa kidogo kabla ya kusema. "Baba anaondoka hata isipoisha, mwanangu. Lakini anarudi. Haya, weka wewe."

Akaweka. Kikaingia chenyewe, bila kubonyezwa. Kulwa akapiga makofi, na sisi wawili tukabaki tunatazama anga zima kama wajinga.

Sasa mume wangu yuko Geita na anarudi kwa zamu, kama zamani. Tofauti ni kwamba jioni anapiga simu, na tunaongea mpaka salio linakata. Akirudi tunavunja kasri, tunaanza upya, safari hii boksi limefunikwa ili tusiione picha. Bado nabonyeza vipande visivyo vyangu. Bado ananiambia, "Mama, hakijaingia hicho." Siku hizi nakitoa.