Mimba Mpya na Mtoto wa Ziwa

Katika jamii nyingi za Tanzania, mama apataye mimba kabla mwanawe hajaacha ziwa huagizwa na wakubwa wake amlikize mara moja, kwa kuwa inaaminika kwamba maziwa ya mjamzito huharibika na kumfanya mtoto akonde, aharishe na kuchelewa kutembea, hali ambayo husemwa kuwa mtoto "amebemendwa". Imani hiyo haikuzuka bure, kwani watoto waliodhoofu kwa namna hiyo walionekana kweli. Lililokosewa ni chanzo, maana kinachomdhoofisha mtoto mara nyingi ni kunyimwa maziwa ghafla bila kupewa chakula cha kuyafidia.

Katika miaka ya 1930, daktari Cicely Williams, mzaliwa wa Jamaika aliyefanya kazi katika nchi ambayo leo ni Ghana, alieleza ugonjwa wa kwashakoo, yaani utapiamlo unaomvimbisha mtoto na kubadili ngozi na nywele zake, akaonyesha kwamba uliwapata watoto walioachishwa ziwa kumpisha mdogo wao na kulishwa zaidi vyakula vya mahindi. Mama anayepaka shubiri kwenye chuchu leo ili mtoto aache kunyonya, kisha akamwachia mtoto uji mtupu, humtumbukiza katika hatari hiyo hiyo akidhani anamwokoa.

Hata katika mapokeo ya Kiislamu kuna hadithi isiyoiunga mkono hofu hiyo. Imamu Muslim, mkusanyaji wa hadithi, amepokea kwamba Mtume Muhammad alikusudia kukataza ghila, neno ambalo baadhi ya wanazuoni hulifasiri kuwa ni kumwingilia mke anyonyeshaye na wengine kuwa ni kunyonyesha wakati wa mimba, kisha akaacha alipozingatia kwamba Warumi na Waajemi walifanya hivyo na watoto wao hawakudhurika.

Hofu nyingine ni ya mimba kutoka, nayo ina msingi fulani, kwa sababu mtoto anaponyonya, mwili wa mama hutoa oksitosini, homoni inayosukuma maziwa na ambayo pia hukaza misuli ya mji wa mimba. Hata hivyo, kwa sehemu kubwa ya ujauzito mji wa mimba huwa na vipokezi vichache vya homoni hiyo, huku homoni nyingine, progesteroni, ikiutuliza, na ndiyo maana mama mwenye afya ambaye mimba yake haina matatizo kwa kawaida huweza kuendelea kunyonyesha. Hali ni tofauti kwa aliyetokwa na damu, mwenye mimba ya mapacha, aliyewahi kujifungua kabla ya wakati, au anayekonda badala ya kuongezeka uzito. Huyo asiamue peke yake, amwone mkunga au daktari mapema.

Kinachobadilika bila shaka ni maziwa yenyewe, ambayo hupungua kadiri mimba inavyokua, huwa na chumvichumvi, na kabla ya kujifungua hugeuka kuwa dang'a, maziwa ya mwanzo yenye kinga nyingi, yasiyomdhuru mtoto mkubwa ingawa yanaweza kulainisha choo chake. Baadhi ya watoto huacha wenyewe kwa sababu hiyo. Mtoto aliyetimiza mwaka mmoja atahitaji maharage, mayai, dagaa, matunda na milo ya mara kwa mara, lakini aliye chini ya umri huo, hasa asiyefikisha miezi sita, hutegemea maziwa zaidi, hivyo apimwe uzito kliniki mara kwa mara na mama aulize mapema kuhusu maziwa mbadala. Mama naye, anayelisha miili mitatu kwa sahani moja, ale zaidi na asiache vidonge vya madini ya chuma na asidi ya foliki anavyopewa kliniki.

Mtoto mpya akizaliwa na mkubwa akawa bado ananyonya, wote wawili wanaweza kunyonyeshwa, ila katika siku za kwanza mchanga ndiye atangulizwe kila mara, kwa kuwa dang'a ni kidogo na yeye hana chakula kingine.